Bapa Lililonyooshwa

Siku mume wangu alipoanguka nilikuwa barazani nasuka ukili wa mkeka. Niliwaona watu wawili wanapanda njia ya kutoka bondeni, wamembeba mtu katikati yao, na kabla sijaiona sura yake niliujua mguu. Goti lilikuwa limevimba hata suruali imebana. Nikaangusha ukili nikasimama.

"Kaanguka," alisema mmoja wao, jirani yetu aliyekuwa na shamba la muhogo huko bondeni. "Mzima, lakini goti lake limeumia."

Wakamlaza kitandani. Nikaleta maji, nikamfuta tope usoni. Alikuwa ametulia kupita kiasi, macho yake yananifuata mimi tu, na nikajua kuna neno analotaka kusema watu wakitoka. Walipotoka akanishika mkono.

"Nenda kaichukue mashine," akaninong'oneza. "Nimeifunika makuti pale kwenye ule mvule mkubwa. Asiione mtu."

Nieleze kidogo. Tulikuwa tunakaa Wawi, na ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi. Mume wangu alikuwa mpasua mbao. Tangu kabla hajanioa alikuwa akipasua kwa msumeno wa watu wawili, yeye juu ya gogo na kaka yangu mkubwa chini ndani ya shimo, unga wa mbao unamwingia machoni mchana kutwa. Ndivyo walivyojuana, na ndivyo mimi nilivyotoka kwetu Mgogoni nikaja Wawi kuolewa. Kisha mfanyabiashara mmoja wa mbao wa Chake, ambaye wote waliomfanyia kazi walimwita Tajiri, akaleta kutoka Mombasa msumeno wa mashine, unaonguruma kwa petroli. Hapo kwetu haukuwapo mwingine. Alimchagua mume wangu aushike. Siku ya kumkabidhi alimwambia neno moja, na mume wangu alilirudia nyumbani mara nyingi, mwanzoni kwa kujivuna: "Mashine hii ni jicho langu."

Nikaenda bondeni na kata ya kichwani. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na magome ya mivule yalikuwa yanateleza. Nikaona alipoteleza, mchubuko mrefu kwenye gogo. Nikafunua makuti. Ile mashine ilikuwa na bapa refu la chuma, urefu wa mkono na zaidi, na mnyororo wenye meno unaozunguka kwenye ukingo wake. Lile bapa lilikuwa limepinda. Si kidogo. Kutoka katikati lilikuwa limekwenda upande kama jani la mgomba lililokaukia juani. Mnyororo umening'inia.

Niliibeba kichwani mpaka nyumbani, shingo inaniuma, na kila niliyekutana naye njiani nikamsalimia haraka nikapita.

Mume wangu akanieleza baadaye. Alikuwa amesimama juu ya gogo anakata matawi, mguu ukateleza. Mashine ikatangulia, bapa likaingia kati ya gogo na kisiki, naye akaiangukia kwa uzito wake wote. Siku hiyo alikuwa peke yake. Kaka yangu, mwenzake wa siku zote, alikuwa amekwenda Mgogoni kwenye khitma ya mkwewe, na angerudi Jumapili. Tajiri naye alikuwa Unguja, angerudi kwa meli ya Alhamisi iliyofuata.

"Mtu mwingine hajaiona," alisema. "Wale walionibeba walishughulika na mimi tu."

"Sasa utafanyaje?"

"Litanyooshwa. Chuma kilichopinda hunyooshwa."

Nikamwambia kwamba Tajiri ni mtu mzima, ameona mengi, labda tumweleze tu. Akanikatiza. Akasema mimi sikuwapo siku ile alipokabidhiwa, sikuyaona macho ya wale waliokuwa wakiitaka kazi hiyo. Akasema hataki kurudi kwenye msumeno wa shimo. Nikaliona goti lake na nikanyamaza, kwa sababu mtu mwenye goti lile hata shimoni asingeingia.

Kesho yake, Ijumaa, alikuja mzee wa kuunga mifupa, akalikanda goti kwa mafuta ya nazi na kulifunga vijiti. Akasema mfupa haukuvunjika ila kuna kitu ndani kimekatika, na kwamba atembee kwa gongo mpaka Mungu apende. Alipoondoka mume wangu akajivuta mpaka kwenye mkeka, akafungua nati mbili, akalitoa lile bapa. Akalishika mbele ya dirisha akalitazama kwa jicho moja. Akalizungusha akalitazama tena. Jasho lilikuwa linamtoka na hakukuwa na joto.

Jumamosi asubuhi nikalizungusha ndani ya mkeka mkuukuu, nikavaa buibui langu, nikashika njia ya Chake kwa miguu. Kulikuwa na mzee mmoja mhunzi pembeni ya mji, mfua majembe na miundu. Mkeka niliubana kwapani. Niliona kama kila mtu anajua kilichomo. Nilipolikaribia duka la Tajiri nikapita njia ya nyuma, ingawa mwenyewe nilijua yuko Unguja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini?"

Nikaufungua mkeka. Hakuligusa upesi. Alilitazama likiwa chini, akafuta mikono, ndipo akalichukua. Akapitisha ukucha wake kwenye mfereji mwembamba ulioko ukingoni, ule ambamo mnyororo hupita, na mahali palipopinda ukucha ukakwama.

"Hiki si jembe," alisema.

"Najua mzee."

"Nikikitia motoni kitakuwa laini kama bati. Nikikigonga kikiwa baridi kinaweza kupasuka. Ni cha nani?"

Nikasema ni cha mume wangu. Nilisema uongo ule bila kufikiri, na ulinitoka mwepesi hata nikajishangaa.

Akanitazama kidogo, kisha akachukua vipande viwili vya mbao, akaliweka bapa katikati, akaanza kuligonga kwa nyundo ya mti. Aligonga taratibu. Akigonga mara tatu nne, analiinua, anatazama kwa jicho moja, anaweka tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilichogeuzwa. Nilingoja kusikia sauti ya kupasuka. Haikuja. Karibu na adhuhuri akachukua kisu chembamba akaupanua ule mfereji pole pole mahali ulipojibana, akapitisha ukucha tena. Safari hii ulipita, lakini nilimwona anapunguza mwendo pale pale.

"Mnyororo utapita," alisema. "Utapita kwa muda gani, hilo sijui. Chuma kilichopinda mara moja kinakumbuka. Kikirudi kupinda huku mnyororo unakwenda mbio, utaruka, nao una meno. Mwambie atakayekishika."

Nikamuuliza malipo yake. Akatikisa kichwa.

"Kazi nisiyoiamini siichukulii fedha."

Nilirudi Wawi nimelemewa na maneno yale kuliko bapa lenyewe. Mume wangu aliposikia kwamba limenyooka alifunga macho akasema alhamdulillahi. Nikamweleza yote aliyosema mhunzi, neno kwa neno. Alisikiliza huku anasugua bapa kwa mchanga na mafuta, anafuta alama za nyundo.

"Wahunzi wote husema hivyo," alisema. "Wanajilinda."

"Alikataa malipo."

Akasugua mpaka chuma kikang'aa, akalirudisha kwenye mashine, akavuta mnyororo kwa mkono. Ulizunguka. Kuna mahali uliponata kidogo, kisha ukaachia.

Jumapili alasiri kaka yangu akarudi kutoka Mgogoni na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa mtu mpole, mkubwa wa mwili, ana mke na watoto wanne kule Mgogoni, na wakati wa kazi alilala kwetu kwenye chumba cha uani. Akamkuta shemeji yake na gongo. Akakaa naye, akamwuliza maumivu, akamwuliza alivyoanguka. Nilikuwa nasonga ugali wa muhogo, mlango uko wazi, na ninasikia kila kitu.

"Mashine je?" kaka akauliza.

"Mashine nzima," mume wangu akasema. "Kesho shika wewe. Lori la magogo linakuja Alhamisi pamoja na Tajiri, kazi isilale."

Mwiko ulisimama mkononi mwangu. Mpaka dakika ile nilikuwa nimedhani atangoja apone aishike mwenyewe, na kwamba hatari, kama ipo, ni yetu. Sikuwa nimemfikiria kaka yangu.

Waliokuwa pale ni mume wangu na ndugu yangu wa tumbo moja, na neno moja tu la kusema. Sikulisema. Niliwapakulia chakula. Kaka akanisifu kwa mchuzi.

Usiku ule nilimwambia mume wangu, "Mwambie."

Akasema, "Umeuona mnyororo unavyozunguka. Ni siku tatu tu. Tajiri akija nitasema bapa limechakaa, ataagiza jingine. Ukimwambia kaka yako, hataishika. Lori litakuja na magogo hayapo. Nitakuwa nimekwisha."

"Na kama likipinda tena?"

"Halitapinda."

Jumatatu asubuhi kaka akaenda bondeni na mashine begani. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo, na sauti ya mashine ilifika mpaka uani. Zamani ilikuwa inanikera. Siku ile niliishikilia. Iliponguruma nilijua yu hai. Ilipozidi na kuwa kali nilijua meno yameingia ndani ya mti. Iliponyamaza niliacha nilichokuwa nafanya, mkono hewani, nikihesabu. Labda anatia petroli. Labda anageuza gogo. Labda. Kisha ikianza tena pumzi zinanirudia. Nilimwaga maziwa siku ile, nikaunguza ndizi, na nilipokaa kusuka ukili nikaufumua mara mbili kwa sababu nilikuwa nimekosea mistari.

Mume wangu alikuwa amekaa barazani, mguu ameunyoosha kwenye kigoda. Niliona kila mashine iliponyamaza naye aligeuza uso kuelekea bondeni. Tulikuwa wawili tunasikiliza kitu kimoja na hatutazamani.

Jioni kaka alirudi amechoka. Akanawa. Wakati wa kula akasema, "Shemeji, mie nadhani mikono yangu imesahau. Kila nikikata, mkato unakwenda upande. Na lile bapa linachemka mpaka linatoa moshi. Nimelitia mafuta, wapi. Unaniona mimi mzito, eh?"

"Utazoea," mume wangu akasema, na akainamia sahani.

Kaka akatabasamu kwa haya. Mtu mzima, fundi, anaona haya kwa kosa lisilo lake. Nadhani ni lile tabasamu lililonimaliza. Sikulala. Nilimwona akilini mke wake, ambaye ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, nikaona namna nitakavyopanda njia ya Mgogoni kumpelekea habari, na nikatafuta maneno ya kumwambia, sikuyapata.

Jumanne nikachelewa kuamka baada ya sala, maana ndipo usingizi uliponishika. Nilipotoka nje kaka keshakwenda na mashine inanguruma. Nikawasha moto. Nikaweka chungu. Ikanyamaza. Nikangoja. Haikuanza. Nikatia majani ya chai, nikayatazama yanachemka, na bado kimya. Hapo nikavuta kanga nikajitanda.

"Unakwenda wapi?" mume wangu aliuliza kutoka ndani.

"Bondeni."

"Kufanya nini?"

Sikujibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika ndoa ile kutomjibu. Nikashuka ile njia kwa mbio, ndala zimenivuka, miguu inateleza kwenye udongo. Nilimkuta kaka amekaa juu ya gogo na mashine mapajani, mzima, anapuliza vidole vyake. Mnyororo ulikuwa umetoka kwenye bapa na kulala chini kwenye majani. Shati lake kwenye mkono wa kushoto lilikuwa limechanwa, tangu kifundo mpaka karibu na kiwiko, na chini ya shati ngozi ilikuwa imekwanguliwa, mistari miwili myembamba inayotoa damu.

"Umeruka tu," alisema, akionyesha mnyororo. "Sijui nimefanya nini."

Nikapiga magoti mbele yake nikamweleza. Nilianzia kwenye makuti, nikaja kwa mhunzi, nikamwambia alichosema na kwamba alikataa malipo. Nikamwambia nilikuwepo Jumapili nasikia, nikasonga ugali. Aliendelea kupuliza vidole muda wote. Nilipomaliza akaacha kupuliza.

"Tangu Jumapili," alisema.

"Ndiyo kaka."

"Jana nzima nimejiona mjinga." Akaushusha mkono akauangalia. "Mumeo namwelewa. Mtu akiogopa hufanya mambo. Lakini wewe ulikuwa unanipakulia."

Nikararua upindo wa kanga nikamfunga mkono. Aliniachia nimfunge.

Tulipanda pamoja, yeye na mashine begani, mimi na mnyororo nimeuzungusha kwenye majani ya mgomba. Tulipofika nusu ya njia tukamwona mume wangu. Alikuwa amekaa chini kwenye tope, gongo limemtoka, suruali yote matope mpaka kiunoni. Alikuwa anajivuta kwa mikono, mguu mbovu mbele. Sijui alichukua muda gani kufika pale. Alipomwona kaka alisimamisha mikono.

"Nimesikia mashine imenyamaza," alisema.

Kaka akaitua mashine, akaenda akamkamata chini ya kwapa akamsimamisha. Mashine nikajitwika mimi. Kaka akambeba mgongoni mpaka nyumbani kama mtoto, na mkono wake wenye kitambaa ukiwa mbele ya macho ya mume wangu njia nzima.

Nilidhani baada ya hapo mume wangu atanishukuru, au angalau ataona nafuu kama nilivyoona mimi. Haikuwa hivyo. Tulipobaki wawili aliniambia, "Nilikuwa naja kumwambia mwenyewe. Ungeningoja." Nikamwuliza, ningengoja mpaka lini? Akageukia ukutani. Siku nyingi baada ya hapo alizungumza na mimi kwa mambo ya lazima tu, maji, dawa, mlango. Hata leo sijui kama kweli alikuwa anakwenda kusema au alikwenda kwa sababu ya ule ukimya. Labda na yeye hakujua.

Tajiri alifika Alhamisi. Kaka alitaka kwenda peke yake, mume wangu akakataa, akaazima gari la punda la kubebea nazi, tukaenda watatu. Dukani Tajiri alilichukua bapa, akalitazama kwa jicho moja kama walivyofanya wote, na papo hapo akaona.

"Nani amelinyoosha?"

Nikamtajia mhunzi wa pembeni ya mji.

"Kafanya vizuri kuliko nilivyotaraji. Limetumika baada ya hapo?"

"Siku moja na nusu," kaka akasema.

Tajiri akautazama mkono wake. Akaliweka bapa juu ya meza. Akamwambia mume wangu bila kupandisha sauti, "Kuanguka huanguka kila mtu. Ungeniambia ningeagiza jingine, ningekukasirikia wiki moja. Lakini umempa mtu mwingine alishike. Mashine yangu hutaishika tena." Kisha akamgeukia kaka akamwambia kuanzia sasa mashine ataishika yeye.

Kaka akasema hapana. Alisema kwa adabu, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba hawezi kukalia kiti cha shemeji yake. Tajiri akasema shauri yako. Tukarudi Wawi na punda yule yule.

Bapa jipya lilikawia kuja kutoka Mombasa, zaidi ya miezi miwili. Muda wote huo kaka alipasua kwa msumeno wa zamani pamoja na mtu mwingine, yeye juu safari hii. Mume wangu alikaa barazani. Nilisuka mikeka, ndugu zetu wa Micheweni wakatuletea ng'onda, samaki wakavu, tukaishi. Goti halikurudi kama zamani. Aliweza kutembea, kukwea hakuweza tena, na nadhani alilijua hilo tangu siku ya kwanza pale kitandani.

Bapa lilipofika, Tajiri alimwita kaka mara ya pili. Safari hii kaka alikuwa na sharti. Alisema mnyororo ule unahitaji kunolewa kila siku, jino kwa jino, na katika watu anaowajua anayeweza kuunoa vizuri ni mmoja tu, naye hufanya kazi amekaa. Tajiri alifikiri akakubali. Nilisikia kwamba alisema, "Kunoa anoe."

Basi kila jioni kaka alileta mnyororo, na mume wangu aliukaza kwenye kipande cha ubao akaupitisha tupa, jino moja baada ya jingine. Mwanzoni walifanya kazi ile kimya. Kisha mume wangu akaanza kumwuliza mkato umekwendaje leo, unakwenda upande au sawa, bapa linachemka au halichemki. Alimwuliza kila siku bila kukosa, na kaka alimjibu kila siku kwa utulivu, ingawa jibu lilikuwa lile lile. Mistari miwili mkononi mwake ilibaki, myeupe, na alipokunja mikono ya shati kunawa hakuificha.

Na siku moja, katikati ya kunoa, mume wangu, ambaye tangu yale ya bondeni hakuwahi kuniita kwenye kazi yake, aliniita nimshikie taa karibu. Nikaishika. Akanoa meno mawili matatu, akasema bila kuinua uso, "Sogeza kidogo. Hapo. Hapo ndipo ninapoona."